Jina la Kishindo

Mdogo wangu alipokuwa mtoto alikuwa na jina, lakini silitaji. Kwetu Kitangari kijana akishatoka likumbi, yaani kule porini anakotahiriwa na kufundwa, jina lake la utoto linabaki huko huko. Ukimwita nalo, hata kwa bahati mbaya, unatozwa kuku. Mimi ni fundi cherehani, sina kuku wa kuchezea. Kwa hiyo nitamwita mdogo wangu mpaka tufike pale alipopewa jina jipya. Tutafika tu, maana jina hilo ndilo lililotaka kunivunjia ndoa kabla sijaolewa.

Jina jipya hutolewa na mjomba. Baba anaweza kununua nguo, akachinja mbuzi, akakodi spika kubwa za muziki, watu wakamshukuru. Lakini kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ni kaka wa mama. Mjomba wetu anaitwa January. Ana mikorosho mingi, ana mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na ana shingo ngumu. Shingo hiyo ndiyo iliyokuwa inanitesa, kwa sababu mjomba anayempa mdogo wangu jina ndiye huyo huyo wa kupokea posa yangu, na barua ya posa ilikuwa imekaa darini kwake tangu Pasaka bila kufunguliwa. Nadhani panya walishaisoma.

Mwenye barua ni Humphrey, mwalimu wa Kiingereza, Mhaya wa Muleba, kule ziwani upande wa pili wa nchi. Wahaya na Kiingereza mnawajua, sina haja ya kueleza. Ila Humphrey wangu si mtu wa kujidai. Tatizo lake ni jingine: hawezi kusema jambo ambalo si kweli kabisa. Ukimwuliza kama gauni limekupendeza, anakwambia mkono wa kushoto umevutika. Nilimpenda kwa hilo hilo, maana nilipoutazama nikaona umevutika kweli, na mimi ndiye niliyelishona.

Mjomba hakuwahi kumtaja kwa jina. Tangu Humphrey afike Kitangari alikuwa "yule mtu wa kuja". Mama yangu, Brigita, alimwuliza kaka yake mara nyingi kwa nini anamkataa mwalimu wa watu. Mjomba akawa anajibu kwamba hajamkataa. Barua hajaifungua, atakataaje kitu asichokisoma? Mama akija nyumbani anarusha kanga kitandani. Mimi nilikuwa nashona mshono mmoja mara mbili kwa hasira, wateja wakadhani naimarisha.

Sasa nieleze habari ya majina. Zamani wajomba waliwapa wapwa zao majina ya mababu. Baadaye yakaja majina ya vitu. Yupo mzee hapa kijijini anaitwa Redio, ana wajukuu. Halafu mwaka juzi mjomba mmoja aliyewahi kufanya kazi Mtwara mjini akampa mpwa wake jina la Roketi. Uwanja mzima ulisimama. Kijana mwenyewe mwaka ule ule akapata kazi ya kupima korosho ghalani, akanunua pikipiki, na kila mjomba wa Kitangari akaamini kwamba ni jina lililofanya kazi hiyo. Tangu hapo kila mtu anataka jina la Kiingereza, na anataka mambo mawili ndani yake: kishindo, ili lisikike mbali, na kukua haraka, ili mpwa atajirike mjomba akiwa bado ana meno ya kutafunia nyama.

Uwanjani nako kuna sheria. Kijana huletwa mbele, mjomba huliita jina kwa sauti, mpiga ngoma analidaka, watu wanaliimba. Likishaimbwa limekaa, hakuna wa kulirudisha. Vijana wawili wa likumbi moja hawawezi kuwa na jina moja. Na mjomba akiita jina ngoma ikashindwa kulidaka, basi mtani wa ukoo ana haki ya kusimama na kumpa kijana jina analotaka yeye.

Mtani wetu ni Fikirini, Myao wa Chiungutwa, fundi wa baiskeli na bodaboda hapa stendi. Huyo alishatutangazia jina aliloliandaa akiomba Mungu Mjomba ateleze. Jina lenyewe ni Kimya.

"Mpwa wa January ataitwa Kimya," alisema huku akiziba pancha, watu wamejaa. "Nyumba ile ina wasemaji wengi. Inahitaji mmoja wa kupumzisha masikio."

Wajomba wakaanza kumiminika kwa Humphrey likizo ya mwezi wa sita, vijana wakiwa bado porini. Baraza lake likawa kama zahanati, watu wamekaa kwenye benchi wanangoja zamu. Mimi nilikuwepo siku kadhaa kwa kisingizio cha kumpunguzia suruali kiuno. Suruali ile niliipunguza na kuipanua mpaka ikachoka.

Wa kwanza alikuwa Mzee Suleimani, muuza chumvi. Humphrey akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, akaingia kwenye shida yake moja kwa moja.

"Mwalimu, nataka neno la Kiingereza. Liwe na kishindo, na liwe linakua haraka."

Mtu mwingine angempa neno aondoke. Humphrey akavuta kiti. "Kishindo cha namna gani?"

"Kishindo ni kishindo."

"Hapana, mzee. Waingereza wana neno kwa kila kishindo. Kuna bengi, hiki ni cha mara moja, kama mlango uliobamizwa na upepo. Kuna krashi, ni sufuria zikianguka zote pamoja. Kuna thanda, ile ni ngurumo ya mvua."

"Na kipi hapo kinakua?"

"Hakuna. Kukua kuna maneno yake. Kuna mashrumu, ni kuchipuka kwa wingi na kwa haraka, kama uyoga baada ya mvua."

Mzee Suleimani akafikiri sana. "Uyoga hauna sauti."

"Hauna, mzee."

"Basi nipe hiyo ngurumo. Kukua atakua mwenyewe, muhogo upo."

Akaondoka na Thanda. Aliyefuata akachukua Blasti. Alionywa kwamba ni upepo mkali unaotoka kwenye mlipuko, akasema upepo si mbaya, kwao ni wapepetaji wa mtama. Mwingine, dereva wa bodaboda, alikuwa ameikamia Krashi. Humphrey akamsihi aiache, kwa kuwa ndilo neno lenyewe la ajali, na yule bwana goti lake lilikuwa bado na bandeji. Akakubali Bengi kwa shingo upande. Mmoja aliambiwa kuhusu Zumu, mvumo wa kitu kinachopita kasi, akalipenda, akalipa kwa bakuli la mbaazi.

Halafu akaja Fikirini mwenyewe, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Naye ana mpwa, mtoto wa dada yake aliyeolewa hapa.

"Mimi sitaki nusu nusu, mwalimu. Nataka moja lenye vyote viwili."

Humphrey akakuna kichwa. Nikamkanyaga mguu. Nikamkanyaga tena. Lakini nimeshawaambia alivyo.

"Lipo," akasema. "Bumu. Ni mlio mzito wa mzinga, na tena ni biashara au mji ukipanda kwa ghafla."

"Lipo jingine kama hilo?"

"Lililo fupi kama hilo, hapana."

"Basi usimwambie January," akasema Fikirini, akaondoka anapiga mluzi.

Mjomba January yeye hakwenda. Alisema yeye ndiye mwenye binti, hawezi kupiga hodi kwa mtu anayempigia hodi. Akawa anapita mbali na baraza la mwalimu, anatazama benchi kwa jicho la pembeni, anaendelea na safari. Siku zikaisha, vijana wakakaribia kutoka, na yeye hana neno. Ndipo asubuhi moja akaja kwenye cherehani yangu, akasimama akichezea vifungo kwenye kopo.

"Winfrida."

"Abee, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Yule mtu wa kuja, maneno yake yamekwisha?"

"Yamebaki ya kukua tu, Mjomba. Ya kelele wamechukua wenzako."

Akamwaga vifungo, akaviokota vyote. "Kamwambie anitafutie moja lenye vyote. Likitikisa uwanja, ile barua nitaifungua siku hiyo hiyo. Lakini Fikirini akisimama na Kimya yake, barua inarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe arudi kwao. Sitaki kuulizwa tena."

Aliondoka na mimi nimebaki na mkasi mkononi. Yaani ndoa yangu, watoto nitakaowazaa, na nyumba niliyokwisha kuipima mapazia kichwani, vyote vimewekwa juu ya neno moja la Kiingereza ambalo halijapatikana. Nilifunga banda nikaenda mbio kwa Humphrey.

Nilimkuta anafua. Nikamweleza. Akaanika shati taratibu, akasema anafikiri.

"Usifikiri," nikamwambia. "Sema tu lolote. Sema 'sufuria' kwa sauti ya Kizungu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Mtoto ataenda sekondari, ataulizwa maana ya jina lake. Atakuja kuniuliza."

"Humphrey, unataka kunioa au unataka kusahihisha mitihani?"

Niliona imemwuma, na sikujuta. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na uso wa mtu anayeuza mbuzi mgonjwa.

"Lipo moja. Eksplosheni. Ni mlipuko, kishindo kikubwa kuliko vyote nilivyowapa. Na watu wakiongezeka ghafla kwenye mji, wanalitumia hilo hilo."

"Asante, Mungu."

"Lakini ni refu. Na mlipuko si kitu cha kumwitia mtoto, Winfrida. Baada ya mlipuko watu huokota vipande."

"Vipande nitaokota mimi."

Akanifundisha kulitamka mpaka ulimi ukanyooka. Nikalibeba mpaka kwa Mjomba kama ndoo ya maji iliyojaa, sikumsalimia mtu njiani. Mjomba alilipenda pale pale. Alisema hata kabla hujalimaliza kulisema unahisi limefanya jambo.

Sasa kosa likafanyika, na ni kosa ambalo mtu wa nchi isiyo na mikorosho asingelifanya. Mjomba hakutaka jina lisikike kabla ya siku yake, maana Fikirini ana masikio kila mahali. Kwa hiyo akawa anajifunza kulitamka shambani, mashine ya salfa ikiwa mgongoni. Mwezi ule wa sita wote tunapulizia, na mashine ikiwaka humsikii hata mtu aliyekushika sikio. Mjomba akawa anatembea kati ya mikorosho na kitambaa usoni, vumbi la salfa linaruka, anapiga kelele za eksplosheni mti kwa mti. Jirani wala hakugundua. Lakini na Mjomba mwenyewe hakujisikia hata siku moja. Akirudi jioni, wa manjano kuanzia kofia mpaka viatu, Mama akimwuliza kama amelishika, anajibu kwamba limekaa kama msumari.

Siku ya kutoka ikawa Jumamosi. Baridi ya uwanda wetu huwa haina huruma mwezi ule, ukungu ulikuwa mzito, watu wamejifunga kanga na mashuka juu ya nguo za sikukuu. Mzee Sijaona, mpiga ngoma mkuu, alikuwa anazipasha ngoma moto kwenye majani makavu. Vijana wakaletwa wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wamevaa mashati niliyoyashona mimi, na mikono yote ya kushoto ilikuwa sawa sawa. Humphrey alisimama upande wa wageni na tai shingoni. Nilimwambia asivae tai, akasema ni shughuli rasmi.

Thanda likaenda vizuri. Blasti likadakwa. Bengi likaimbwa mpaka dereva wa bodaboda akasahau goti. Kisha Fikirini akasimama, akafungua kifua, akaita Bumu, na Mzee Sijaona hakuhitaji hata kutafuta mapigo, kwa sababu ngoma kubwa inasema hivyo yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Fikirini alipopita mbele ya Mjomba alimwinamia kwa adabu, na adabu ya mtani ni matusi.

Zamu ya mdogo wangu ikafika. Mama akanishika mkono. Mjomba January akaenda katikati, akavua kofia, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuzamia, akaita.

Sijui niandikeje kilichotoka. Kilianza na eki, kikapita si, kikaenda pulo, kikarudi tena si, na katikati Mjomba akaishiwa pumzi akameza mate, halafu akamalizia sheni kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi. Alikuwa amezoea kulisema kwa mwendo wa mashine, na mashine haikuwepo. Kwa mara ya kwanza alijisikia mwenyewe, na niliona kwenye uso wake kwamba hakuamini.

Mzee Sijaona alijitahidi, sitamlaumu. Alipiga pigo moja, akapiga la pili, akanyanyua mkono kwa la tatu, ukabaki juu. Waimbaji wakaanza "eeh Eki", wengine wakaanza "eeh Sheni", wakatazamana, wimbo ukafa. Uwanja ukawa baridi. Mdogo wangu alisimama pale hana jina, la zamani limeachwa porini na jipya halijafika, akaanza kuvuta shati lake chini.

Fikirini akainuka, bila haraka. Akakung'uta kanzu. Akarekebisha kofia. Alikuwa na haki yake na kila mtu alijua, watu wakampisha. Mimi machozi yalikwisha kunilenga. Nilikuwa nimeshaiona barua inarudi na mwenyewe akipanda basi.

Mjomba akageuka huku na huku kama mtu aliyeangusha funguo. Akaiona tai. Akamwona aliyeivaa, amesimama upande wa wageni, mikono nyuma, mwenye maneno yote ya Waingereza kichwani na hatoi hata moja. Na hasira yote ya Pasaka mpaka siku ile, na aibu, na kuomba msaada, vyote vikamtoka kwa pamoja.

"Hamfri!"

Nilisikia jina hilo likigonga ukuta wa shule na kurudi. Halikuwa na eki wala si. Mzee Sijaona, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu, akaushusha. Pa, pa, pa. Na kina mama wenye baridi na njaa, waliokuwa wanangoja chochote cha kuimba, wakaimba.

"Hamufuli katoka, eeh! Hamufuli katoka!"

Mjomba akapunga mikono kukataa. Watu wakaona anacheza, wakamzunguka wakacheza naye. Akatikisa kichwa, wakatikisa vichwa. Kadiri alivyokataa ndivyo ngoma ilivyokolea. Mdogo wangu, alipoona sasa ana jina, akaruka juu akapiga kifua. Basi ndiyo hivyo, naweza kumtaja: mdogo wangu anaitwa Humphrey.

Humphrey mkubwa aliniangalia kutoka ng'ambo ya uwanja na uso wa mtu aliyeona kosa kwenye karatasi ya mtihani lakini hajui alisahihishe kwa kalamu gani. Nikamtikisia kichwa: nyamaza. Kwa mara moja maishani mwake alinyamaza.

Fikirini ndiye aliyekuja kulifunga jambo. Mtani akikosa haki yake hutafuta nyingine. Alimkuta Mjomba amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko letu, anajifuta jasho.

"January, nikupe pole au hongera?"

"Niache."

"Nakuacha. Lakini nikuulize. Ukisema humtaki Hamfri, mpwa wako atajuaje kama ni yeye au ni mwenzake? Ukisema Hamfri arudi kwao, dada yako atafunga mzigo wa yupi?"

Akaondoka kwenda kutafuta nyama, akiwasimulia watu wote njiani. Mjomba akabaki. Nilikuwa napakua ubwabwa, sikujua niondoke au nikae.

"Winfrida, weka hiyo sahani chini."

Nikaweka.

"Wewe unadhani ninaringa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Siringi. Naogopa." Alisema akitazama moto. "Huko kwao mtoto ni wa baba. Utaenda, utazaa, na hao watoto hawatakuwa wa kwetu, watakuwa wa ziwani. Mama yako amezaa nyinyi wawili tu. Wewe ukienda, nitabaki namtazama dada yangu anazeeka mlangoni. Nilijua barua imeandikwa vizuri, ndiyo maana sikuifungua."

Nilikuwa nimemkasirikia miezi yote ile, nimemwita moyoni kila jina isipokuwa lake. Nilimshika bega, salfa ya wiki nzima bado ilikuwa inanuka kwenye shati.

Humphrey akatokea pembeni ya jiko, maana alikuwa ameitwa kula. Nilijua amesikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu na hajui kujifanya.

"Mzee," akasema, "sijaomba uhamisho. Ninaweza kujenga hapa. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Mjomba akamtazama kuanzia tai mpaka viatu. Kabla hajasema kitu, simu ya Humphrey ikalia. Ilikuwa ya mama yake, ambaye hupiga kila Jumamosi. Ngoma zilikuwa karibu, ikabidi aweke sauti ya nje.

"Humphrey, mbona nasikia watu wanaliimba jina lako? Umekufa?"

"Hapana, Mama. Wamempa kijana jina langu."

"Kijana wako?"

"Wa ukweni, Mama. Bado si ukweni. Nadhani leo panakuwa."

Kisha akamweleza. Nilimfanyia ishara afupishe, wapi. Barua, dari, Pasaka, eksplosheni, kila kitu kwa mpangilio wake, mpaka hili la kujenga Kitangari.

"Kwa hiyo hurudi," yule mama akasema.

Humphrey akafungua mdomo na ukabaki wazi. Mtu ambaye hana neno la uongo, siku ile hakuwa na la kweli pia. Mjomba akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Habari za huko, Mama Humphrey. Mimi January, mjomba wa binti."

"Nzuri. Wewe ndiye umemchukua mwanangu?"

"Sijamchukua, mama. Nimechukua jina tu, tena kwa bahati mbaya."

"Jina hilo nilimpa mimi. Lilikuwa la kaka yangu, alikufa hajaoa. Uliniomba lini?"

Mjomba akasimama kutoka kwenye kinu. Kwetu sisi jina la mtu halichukuliwi hivi hivi. Aliyelitoa hupelekewa kuku mzima, unamkabidhi mkononi, unaomba, naye ndiye anayekubali au kukataa. Mjomba anajua hilo kuliko mtu yeyote Kitangari, maana ndiye anayewatoza wengine. Nilimwona anavua kofia mbele ya simu.

"Sikuomba, mama. Nimekosa."

"Huku kwetu huombwa."

"Hata huku. Nitakuja kuomba."

"Muleba?"

"Muleba."

"Uje na huyo binti nimwone. Na huyo mwanangu umrudishe mara moja nimtazame, halafu tutajua."

"Nitamrudisha, mama. Nakuahidi, kama ninavyotaka wangu arudishwe."

Simu ikakatika. Mjomba akaketi tena, akaigeuza geuza kofia yake magotini. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuvuka Mtwara mjini, na alipokwenda huko alirudi siku ile ile akilalamika. Ngoma bado zilikuwa zinaimba uwanjani, na mdogo wangu anaitikia kila anapoitwa.

"Humphrey," Mjomba akasema hatimaye, taratibu kabisa, "hayo mabasi ya kwenda kwenu, wanaruhusu kuku kupanda?"

Humphrey akafikiri, kama kawaida yake.

"Inategemea na basi, Mjomba."